Namna ya kuandika riwaya ya mapenzi ya enzi za malodi wa Uingereza bila kuchapia

Wengi wakitaka kuandika riwaya ya mapenzi ya kale wanaanza na gauni, mishumaa, dansi, gari la farasi, na lodi mmoja mtanashati amenuna kwenye kona. Afu wakifika ukurasa wa 40 wanakwama. Wanakwama sababu wale wawili wanapendana na hakuna kinachowazuia zaidi ya kutoelewana tu, jambo ambalo wangekaa chini dakika tano wakaongea lingeisha, kwa hiyo mwandishi inabidi awanunishe tena na tena mpaka msomaji mwenyewe ananuna. Dawa yake ni kwamba kizuizi ukitoe kwenye sheria na hela za wakati ule. Sheria haibembelezwi, na hela haziombwi msamaha.

Anza kwa kuchagua mwaka. Mwaka kabisa, sio "zamani zamani". Kipindi kinachopendwa zaidi ni cha Regency, ambacho kwa maana ya kisheria ni 1811 mpaka 1820, mfalme George wa Tatu alipokuwa mgonjwa wa akili na mwanae akakaimu. Ukishataja mwaka unapata vitu vya bure: ukisema vuli ya 1815 maana yake vita vya Waterloo dhidi ya Napoleon wa Ufaransa vimeisha tangu Juni 18, baada ya hapo jeshi linapunguzwa na maafisa wanarudi nyumbani wakilipwa nusu mshahara, wamejaa mjini wanatafuta mke mwenye chochote. Ukisema 1816 basi kiangazi hakikuwepo, ilikuwa baridi na mvua kwa sababu mlima Tambora kule Indonesia ulilipuka Aprili 1815 na majivu yake yakavuruga hali ya hewa, kwa hiyo usiniletee watu wanapigana busu kwenye bustani kavu mwezi wa saba. Mwaka pia unakunyang'anya vitu. Treni ya abiria kati ya Liverpool na Manchester ilianza 1830, stempu ya posta 1840, na gauni jeupe la harusi lilikuja kuwa fasheni kubwa baada ya Malkia Victoria kuolewa nalo mwaka huohuo wa 1840. Kabla ya hapo bibi harusi alivaa gauni lake zuri la rangi yoyote na akaendelea kulivaa baadaye.

Sasa tuje kwenye penyewe, sheria ya ndoa. Soma hii sehemu taratibu maana ndo itakupa ploti.

Mwaka 1753 bunge lilipitisha sheria, ikaanza kutumika Machi 1754, kwa ajili ya kukomesha ndoa za siri. Kabla yake kuzunguka gereza la Fleet pale London kulikuwa na wachungaji wanafungisha ndoa fasta fasta, bila maswali, we lete hela tu. Baada ya sheria, ndoa ya England isipofungwa kanisani kwa Kianglikana kwa utaratibu uliopangwa ilikuwa sio ndoa (Wayahudi na Waquaker, dhehebu la Kikristo, pamoja na familia ya kifalme tu ndo waliachwa nje ya hiyo). Hata Mkatoliki alilazimika kwenda kwa Waanglikana, mpaka sheria nyingine ya 1836.

Njia zilikuwa hizi. Ya kwanza, kutangazwa kanisani Jumapili tatu, rahisi na bei ndogo, ila mtaa mzima unajua, na kama mmoja yuko chini ya miaka 21 mzazi au mlezi wake akisimama kupinga basi imekufa. Lakini asipopinga, ndoa ni halali! Hapa kuna mwanya mtamu sana, ndo maana vijana walikuwa wanakwenda kutangaziwa kwenye parokia kubwa za London ambako hakuna anayemjua mtu, jina lao linasomwa katikati ya majina kibao na mlezi yuko zake shamba hajui kitu. Ya pili ni leseni ya kawaida kutoka ofisi ya askofu, hamna kutangazwa, ila unaapa, na kama uko chini ya 21 lazima baba au mlezi akubali. Na huu ndo mtego ambao mi nashangaa waandishi hawautumii: mtu wa chini ya 21 akifunga ndoa kwa leseni bila hiyo ridhaa, ndoa ni batili toka mwanzo, yaani hata wakiishi miaka kumi na tano wana watoto wanne, ikija kugundulika mahakamani, mke sio mke na watoto ni wa nje. Hali hiyo ilidumu mpaka sheria ilipobadilishwa 1822 na 1823. Hebu fikiria riwaya inayoanzia hapo, watu wazima wawili wanaambiwa hawajawahi kuoana, afu mwanaume inabidi aanze kumtongoza upya mwanamke ambaye sasa ana uhuru wa kukataa.

Ya tatu ni leseni maalum, inatolewa na Askofu Mkuu wa Canterbury peke yake kupitia ofisi zake za Doctors' Commons pale London, hiyo mnafunga popote na saa yoyote. Ilikuwa ya wakubwa. Mshairi Byron alimuoa Annabella Milbanke kwa leseni ya namna hii Januari 2, 1815, nyumbani kwa wazazi wa mwanamke kule Seaham, na mwaka uliofuata wakaachana, kwa hiyo usidhani leseni ya bei ndo ndoa nzuri. Kosa la kila siku kwenye riwaya ni lodi anatembea na leseni maalum mfukoni ikiwa tupu akisubiri ampate wa kumuoa. Haiwezekani, majina yaliandikwa humo humo. Na kosa la pili, harusi ya jioni kanisani na mishumaa: bila leseni maalum ndoa ilifungwa kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana, ndo maana baada ya kanisa watu wanakwenda kunywa chai ya asubuhi na sio dina.

Njia ya nne ni kutoroka. Sheria ya 1753 haikuhusu Uskoti, na kule ilitosha wawili watamke mbele ya mashahidi kwamba wameoana, msichana kuanzia miaka 12 na mvulana 14, mzazi hana usemi. Kijiji cha Gretna Green kiko palepale ukivuka mpaka, karakana ya mhunzi wa kijiji ikawa maarufu kwa ndoa hizo. Sasa wengi wanaiandika hii safari kama ya raha. Kutoka London ni zaidi ya maili 300, mnabadilisha farasi njia nzima na kila kituo ni hela, hamjalala vizuri, mnanuka, mwanaume anahesabu chenji gizani na nyuma kuna mjomba mwenye farasi wazuri kuliko wenu. Ndo sehemu nzuri ya kuwafanya wagombane kwa mara ya kwanza. Usiwafikishe haraka. Na kama riwaya yako iko baada ya 1856 hiyo njia ya ghafla imefungwa, maana ilipita sheria kwamba mmoja wao awe ameishi Uskoti siku 21 kwanza.

Chukua mfano tuufanyie kazi. Harriet ana miaka 20, baba kafariki kamwachia pauni 10,000, ila wosia unasema akiolewa kabla ya 21 bila ridhaa ya mjomba, hela zinakwenda kwa binamu. Kapteni anampenda, ana nusu mshahara na deni. Tayari una saa inayogonga, imebaki miezi saba afikishe 21. Wakisubiri, mjomba ana miezi saba ya kumwoza kwa mwingine. Wakitoroka ndoa itakuwa halali ila mikono mitupu, afu Harriet atajiuliza maisha yake yote kama kapteni angempenda hivyohivyo angekuwa na hizo hela. Hapo huhitaji kumnunisha mtu.

Hela sasa. Pauni 10,000 ukiziweka kwenye hati za serikali kwa asilimia 5 zinazaa pauni 500 kwa mwaka, familia inaishi kwa heshima tu. Wahusika wako wawe wanahesabu hivi, mapato ya mwaka, sio rundo la dhahabu. Na kumbuka mwanamke akishaolewa, fedha zake taslimu, vito, kila kinachobebeka kinakuwa cha mume, ardhi yake anaisimamia mume na kodi anakula yeye. Sheria za kumpa mke mali yake zilikuja 1870 na ile kubwa ya 1882. Ulinzi uliokuwepo ni mkataba unaoandikwa kabla ya harusi, mali inawekwa chini ya wadhamini, inaandikwa mke atapata kiasi gani cha matumizi yake kila mwaka na atabaki na nini akifiwa. Waandishi wanaruka kikao cha mawakili wakiona kinaboa, mi naona ndo sehemu ya kimapenzi kuliko dansi zote. Kapteni mwenye deni anaposema mbele ya mjomba kwamba pauni zote 10,000 ziende kwa wadhamini na yeye asiweze kuzigusa hata akiombwa na mkewe, huyo ametamka mapenzi, na wala hajapiga goti.

Ukishawafungisha ndoa usiwaachanishe kirahisi. Mpaka 1857 talaka ya kumruhusu mtu aoe tena ilihitaji sheria ya bunge, mtu na mtu, na tokea karne ya 17 mpaka mwaka huo zilipita kama 300 na ushee, wanawake waliofanikiwa ni wanne tu. Na ile ploti pendwa ya ndoa ya mkataba ambapo wanakubaliana "tusigus­ane afu baada ya mwaka tuibatilishe", wakati ule haikuwezekana! Kutolala pamoja peke yake hakukuwa sababu, ilitakiwa kuthibitisha mmoja hana uwezo kimwili, na sidhani kama lodi wako yuko tayari kwenda kulisema hilo mahakamani. Kwa hiyo itumie vizuri, waamini wao kwamba wataibatilisha, afu wakili awapashe katikati ya kitabu.

Kwenye vyeo na urithi kuwa makini. Cheo hakitolewi kwa wosia wala hakikatwi kwa hasira, kwa kawaida kinakwenda kwa mtoto mkubwa wa kiume wa ndoa, kwa hiyo lodi hawezi kumtishia mwanae "nitampa mdogo wako cheo". Anachoweza ni kumnyima pesa na ardhi ambayo haijafungwa kisheria, na hiyo inauma zaidi maana mtu anabaki na cheo na jumba linalovuja. Mtoto wa nje hakuwa halali hata wazazi wakija kuoana baadaye, England hiyo ilibadilika 1926, mwaka huohuo ndo kuasili mtoto kukawa jambo la kisheria.

Kukutana kwao usikufanye rahisi mno. Hawakai wawili chumbani mlango umefungwa, kuna shangazi pembeni anafuma. Dansi zaidi ya mbili na mtu mmoja watu wameshaanza kunong'ona. Pale Almack's, ukumbi wa dansi wa King Street, London, dansi zilikuwa Jumatano, tiketi waligawa wanawake wachache wa makabaila na wakikukataa umekataliwa. Barua haziandikwi mpaka wawe wachumba, na kabla ya 1840 anayelipia barua ni anayeipokea, kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, wakati wabunge na malodi walituma bure. Maana yake barua ya kapteni inafika na gharama, mjomba anaiona, anauliza nani huyu. Mwanaume akishachumbia haruhusiwi kujitoa, anaweza kushtakiwa alipe fidia, mwanamke ndo anaweza kumwachia. Kwa hiyo kama kapteni alishachumbia mwingine kabla hajamjua Harriet, ufunguo uko mkononi mwa huyo mwingine, na tafadhali usimfanye mbaya. Mpe sababu zake za kumng'ang'ania, labda ana miaka 29 na wadogo zake watatu wanamtegemea.

Mazungumzo yaandike kwa Kiswahili chepesi cha adabu, usiyajaze misamiati ya kaburini ukidhani ndo ukale. Adabu iko kwenye nani anamwita nani vipi. Kapteni amwite Harriet "Bi" na jina la ukoo sura baada ya sura, na dyuki, yaani kabaila wa cheo cha juu kabisa, usimwite lodi, ana namna yake ya heshima peke yake, chagua moja kama "Mtukufu" na uishike mpaka mwisho. Jina la kwanza likija limtoke kapteni pale kwenye matope ya kituo cha farasi, gurudumu limevunjika, na Harriet amwambie kwanza ashike taa vizuri.