Jinsi ya kucheka na wanasiasa kwa TV bila kubebwa mzima mzima

Kama wewe ni wa kufowadi kila klipu kwa grupu ya familia soma hii kwanza, manake mjomba huko ushago hana time ya kuchunguza, akiona mheshimiwa kwa skrini basi hiyo kwake ni habari.

Anza kwa kujiuliza hapa kimetungwa nini, maneno ama mpangilio? XYZ Show, ile programu ya mchora katuni Gado hapa Kenya, ilipoanza Citizen TV 2009 na vile vikaragosi vya mpira vya wanasiasa, hakuna mtu alidhani ule mdomo ni wa Kibaki mwenyewe. Maneno yote ya kutunga, lakini chini yake kuna skendo ya kweli, so ukicheka bila kujua ni skendo gani umecheka sura tu (na sura zilichekesha, tusidanganyane). Nenda utafute habari yenyewe.

Sasa Bull's Eye, kile kipindi cha kukejeli wanasiasa ambacho Emmanuel Juma alikuwa anafanya pale NTV, ni kinyume kabisa. Sauti ni ya mheshimiwa, amesema kweli, ila imekatwa ikabandikwa kando ya kitu alisema mahali pengine, halafu inakuja ndani ya taarifa ya habari, si ati saa ya vichekesho. Hapo ndio pa kuchunga. Tafuta hotuba nzima, sikiliza dakika mbili kabla ya kile kipande na mbili baada yake. Kuna siku utapata jamaa alisema vivyo hivyo na hapo ndio inachoma zaidi, kuna siku utapata alikuwa tu anamnukuu mpinzani wake.

Audio bila picha usitume, basi. Enzi za Redykyulass, lile kundi la wachekeshaji, Nyambane wao akiigiza sauti ya Moi unaweza kusimama wima kama wimbo wa taifa, lakini ulikuwa unamwona ni Nyambane.

Halafu kwa wiki kadhaa angalia nani hachekwi. Stesheni ina mwenyewe na ina bili, na serikali pia hununua matangazo. Wachekeshaji nao si malaika bana, KJ wa Redykyulass alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini 2017, sasa ni yeye anachorwa.

Ukishindwa kabisa na lazima ufowadi, andika juu yake "hii ni kichekesho". Mjomba akikupigia kuuliza ni kichekesho cha nani, mweleze pole pole.