SOMO: Kutu ndani ya mabomba ya springla, jinsi ya kuigundua, kuipima na kuizuia

Bomba la springla, yaani la vinyunyizio vya dari vya kuzimia moto, huoza kutoka ndani kwenda nje. Siku unapoona tone kwenye dari, kutu imeshafanya kazi kwa miaka. Somo hili linahusu mifumo ambayo bomba limejaa maji muda wote, kama ilivyo kwenye maghorofa na mahoteli mengi ya Dar, Mombasa na Zanzibar.

Kwanza tumjue adui, maana wengi wanalaumu maji. Kinachokula chuma ni oksijeni, na oksijeni nyingi haiji na maji, inakuja na hewa iliyonaswa. Piga hesabu. Mfumo wa lita 2,000 ukijazwa bila kufungua tundu lolote la juu, hewa yote inabanwa kwenye matawi, yale mabomba madogo yanayobeba springla. Kwa presha ya bar 7 inabaki kama lita 250 tu, lakini oksijeni iliyomo inazidi nusu kilo. Maji yaliyoingia yamebeba gramu 14 hivi. Nusu kilo hiyo inaweza kugeuza zaidi ya kilo moja ya chuma kuwa kutu, tena hailiwi sawasawa bomba zima: inaliwa pale uso wa maji unapokutana na hewa. Oksijeni ikiisha, kutu inapoa. Ukimwaga na kujaza upya, umeilisha tena.

Hatua ya 1: Toa taarifa

Kabla ya kufunga vali yoyote, mjulishe mwenye jengo, kampuni ya bima, wanaopokea alamu, na zimamoto. NFPA 25, kiwango cha Marekani cha kukagua mifumo ya maji ya kuzimia moto, kinataka mfumo ukizimwa zaidi ya saa 10 ndani ya saa 24, jengo lihamishwe watu au awekwe mtu wa doria ya moto. Msiliruke hili. Kuna watu wamelala humo ndani.

Hatua ya 2: Soma dalili bila kufungua bomba

Angalia jokipampu, ile pampu ndogo inayotunza presha ya mfumo, inawaka mara ngapi kwa siku. Ikiwaka kila nusu saa, maji yanapotea mahali, na kila lita mpya inaingia na oksijeni yake. Kagua pia vali ya kuzuia maji kurudi nyuma kabla hujaanza kusaka tundu. Mara nyingi ndiyo inayopitisha.

Nenda kwenye vali kuu ya kumwagia maji. Andika presha tuli ikiwa imefungwa, ifungue hadi mwisho, subiri geji itulie, andika presha ya mtiririko, kisha funga polepole. Ikiwa imeshuka kwa asilimia 10 au zaidi ukilinganisha na vipimo vya nyuma, tafuta sababu. Ila usidanganyike: kipimo hiki kinaonyesha upande unaoleta maji tu. Hakisemi lolote kuhusu matawi.

Kinga maji ya kwanza kwenye ndoo nyeupe. Maji meusi yanayogeuka kahawia yakikaa hewani ni chuma kilichokuwa kimekosa oksijeni. Harufu ya yai bovu inaashiria bakteria wa salfa. Chembe ngumu na magamba maana yake kuna kitu kinabanduka ukutani mwa bomba.

Hatua ya 3: Pima unene kwa ultrasoniki (mawimbi ya sauti)

Chagua sehemu zinazonasa hewa: ncha za matawi, mabomba yaliyopanda juu ya boriti, na bomba kuu la ghorofa ya mwisho. Kwangua rangi, paka jeli, rekebisha kipimo kwenye kipande cha chuma chenye unene unaojulikana. Kwa bomba la inchi 1 tumia probu (kichwa cha kipimo) ndogo, na mstari unaogawa uso wake ukate bomba kimkingamo, usilale kufuata urefu. Pima kama uso wa saa: 12, 3, 6 na 9, kisha katikati yao, na urudie kila sentimita 5.

Bomba la inchi 1 la Schedule 40 (daraja la unene wa ukuta) lina unene wa mm 3.38 ikiwa mpya. Penye uzi wa kufungia unabaki kama nusu tu, ndiyo maana uvujaji mwingi huanzia kwenye maungio. Kumbuka kipimo kinaona pale tu probu ilipokaa. Shimo la upana wa mm 3 unaweza kulipita pembeni na kuandika kwamba bomba ni zima.

Hatua ya 4: Kata kipande, kipasue, ukiangalie

Hapa ndipo ukweli ulipo. Mwaga maji, kata kipande cha sentimita 30 hadi 50 kwenye tawi la juu na kingine kwenye bomba kuu. Kabla hujakitoa, chora mshale wa upande wa juu kwa maka isiyofutika. Usipochora, umepoteza nusu ya ushahidi. Kisha kipasue kwa urefu kwa msumeno wa mkono au wa benchi. Grainda inaunguza utando na kuharibu sampuli.

Utaona hivi: juu kuna ukanda uliokaa hewani, wenye kutu nyembamba ya unga. Chini yake mstari mweusi au wa chungwa unaofuata urefu wa bomba. Huo ni uso wa maji. Kwenye mstari huo, au sakafuni, kuna vichuguu vya kutu. Gonga kimoja kwa ncha ya bisibisi. Ganda la nje ni gumu na jekundu, ndani kuna tope jeusi lenye majimaji, na ukilifuta unakutana na shimo la mviringo. Pima kina cha shimo hilo, kwa sababu tundu litatokea hapo, na wastani wa ukuta hautakuonya.

Kama unashuku bakteria, kwangua lile tope la chini ya kichuguu uliweke kwenye chupa safi ya maabara, jaza maji ya bomba hilohilo hadi mdomoni bila kuacha hewa, weka kwenye kikasha cha barafu na ufikishe ndani ya saa 24. Maji peke yake hudanganya, kwani bakteria hao hung'ang'ania ukutani.

Hatua ya 5: Amua

Vichuguu si suala la kuvuja tu. Bomba la inchi 1 lenye kipenyo cha ndani cha mm 26.6 likizibwa hadi mm 20, upotevu wa presha kwa mtiririko uleule unakuwa mara 4 hivi. Springla ya mwisho inaweza kufunguka kwenye moto na kutoa maji ya kuchuruzika tu. Kwa hiyo: penye vichuguu bila mashimo ya kina, safisha kwa maji ya kasi kuanzia bomba kuu kwenda matawini. Penye mashimo yaliyopita nusu ya ukuta, badilisha tawi zima.

Hatua ya 6: Jaza upya kwa akili

Weka vali ya kutolea hewa ya nusu inchi kwenye sehemu ya juu kabisa ya kila mfumo. Tangu toleo la 2016, NFPA 13, kiwango cha kufunga springla, inaitaka kwenye mifumo ya maji yenye mabomba ya chuma. Jaza polepole vali ikiwa wazi hadi maji yatoke bila kukohoa.

Ukitaka vizuri zaidi, tanguliza naitrojeni. Kupitia regyuleta (kipunguza presha), jaza bar 2.8, achia, fanya hivyo mara tatu kwa jumla. Oksijeni inashuka kutoka asilimia 21 hadi chini ya 0.5. Kwa mfumo wa lita 2,000 ni karibu mita za ujazo 17, yaani mitungi miwili ya lita 50 yenye bar 200. Achilia gesi hiyo nje ya jengo. Ndani ya chumba kilichofungwa inaua bila harufu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, sisi tumefunga GI, mabomba yaliyopakwa zinki. Zinki si inazuia kutu?
Nje, ndiyo. Ndani penye maji na hewa iliyonaswa, zinki inakwisha kwanza mahali padogo, kisha oksijeni yote inakimbilia hapo. Shimo linakuwa moja, lakini la kina na la haraka. GI bila kutoa hewa inaweza kutoboka kabla ya bomba jeusi lisilo na zinki.

Tundu moja dogo, naweza kulichomelea au kufunga kibano?
Kibano ni cha kuvuka usiku tu. Kuchomelea bomba lililoliwa ni kuchoma ukuta mwembamba juu ya kutu, mbali na hatari ya moto wenyewe. Ukikuta tundu moja, pasua kipande hicho. Mengine yako jirani.

Fundi, tangi letu la zimamoto linajazwa maji ya kisima yenye chumvi. Nitie klorini?
Dada, kloridi ya chumvi ndiyo inayochimba mashimo, na klorini haiiondoi. Klorini haipenyi kichuguu, halafu yenyewe inaongeza kutu. Badilisha chanzo cha maji, au angalau jaza mfumo mara ya kwanza kwa maji ya bowza yaliyopimwa. Dawa yoyote ikubalike kwanza na mtengenezaji wa springla, maana nyingine zinakula oringi, ile mipira ya kuzibia.

Bosi anataka tumwage mfumo wote kila mwezi ili maji yawe masafi.
Mwonyesheni hesabu ya pale juu. Maji meusi yaliyotulia hayana oksijeni, hayali bomba kama maji mapya. Vipimo vya kawaida vifanyike bila kumwaga matawi.

Na bomba kavu, lenye hewa badala ya maji, la chumba cha baridi?
Hilo linaoza haraka zaidi, kwa sababu kompresa inalisha hewa mpya kila siku juu ya vidimbwi vilivyobaki baada ya majaribio. Ndani ya chumba cha baridi mwinamo uwe mm 4 kwa kila mita, matawi na bomba kuu. Mwaga maji kwenye sehemu zote za chini yanakokusanyika, kisha badilisha hewa ya kompresa kwa naitrojeni ya asilimia 98 au zaidi.