Jinsi ya kuifanya alili-gerimani ishikane na aldehidi

Watu wengi wakisikia gerimani wanawaza transista tu, alafu wakikutana nayo kwenye kemia ogani wanaichukulia kama silikoni yenye bei ya kuumiza. Bei kweli inauma, ila tabia yake ukishaielewa haikusumbui tena.

Kabla hujagusa chupa yoyote angalia gerimani yako imebeba nini. Clemens Winkler, yule Mjerumani aliyeigundua elementi yenyewe mwaka 1886, alitengeneza tetraethili-gerimani mwaka uliofuata, na hiyo ukiichanganya na aldehidi (kampaundi yenye C=O mwishoni mwa mnyororo) hata urudi kesho utazikuta zimekaa kama wageni wasiojuana. Trifenili-gerimani yenye lithiamu ndo kinyume chake kabisa, haina subira, inaivamia kaboni ya kabonili (ile C=O) yenyewe na gerimani inabaki palepale jirani na OH. Ya alili (kaboni tatu zenye dabo bondi mwishoni) iko katikati, inataka kusukumwa kidogo na asidi ya Lewis, yani kitu kinachopokea jozi ya elektroni, na mwisho wa siku gerimani inaondoka, unabaki na alkoholi.

Sasa chukua karatasi. Chora Ge–C–C=C, hesabu kaboni kuanzia kwenye gerimani: moja, mbili, tatu. Inayoenda kushika kaboni ya C=O ni ya TATU, sio ya kwanza, na hapa ndo wengi wanachemka kwenye mtihani. Yani kama kaboni ya tatu ina methili, zao lako litatoka na tawi, usije ukachora mnyororo ulionyooka. Sababu ni kwamba ya tatu ikishashika, chaji chanya inabaki kwenye ya pili, na bondi ya C–Ge iliyo jirani inaisaidia kwa elektroni zake mpaka gerimani inang'oka na dabo bondi inajifunga upya upande wa pili. Silikoni inafanya hivyohivyo ila taratibu kidogo, bati linafanya kwa kasi zaidi sana, lakini sumu ya kampaundi za bati unaijua mwenyewe.

Tuingie maabara. Kausha flaski vizuri, jaza agoni, weka 5 mL za diklorometani kavu na 0.10 mL ya benzaldehidi (kama 1 mmol, na iwe mpya, ya zamani inakuwa imeshageuka asidi ya benzoiki), pooza mpaka -78 °C kwa barafu kavu na asetoni. Dondosha 0.14 mL ya BF3 ya etha (ndo asidi yetu ya Lewis) polepole, subiri dakika chache, ndo uweke 240 mg za alilitriethili-gerimani. TiCl4 nayo ni chaguo ila ina hasira, ikikutana na unyevu tu inatoa moshi mweupe wenye HCl, kwa hiyo fanyia kazi yote ndani ya kabati la kufyonza hewa.

Acha ipande joto taratibu huku unaangalia TLC (kipimo cha bamba jembamba cha kuona nini kimebaki) kila baada ya muda, na aldehidi ikiisha MALIZA hapohapo kwa maji ya magadi soda. Mimi niliwahi kuiacha usiku kucha nikaenda kulala nikijua nimewahi, asubuhi nikakuta uchafu mtupu, maana alkoholi ikikaa na BF3 kwenye joto inaanza kushikana na aldehidi iliyobaki na kujifunga mduara wa pirani, kosa la uvivu tu. Ukitumia ketoni badala ya aldehidi tegemea iende polepole zaidi.

Kwenye kolamu ya kutenganishia mabaki ya gerimani yenye ethili mara nyingi yanatangulia, alkoholi inafuata nyuma. NMR (kipimo cha kusoma protoni za molekuli) ikionyesha protoni ya CH–OH karibu na 4.7 ppm na ya alkini… samahani, ALKENI, karibu na 5.8, umeipata. Fujo ikijaa karibu na 1 ppm ujue ni ethili za gerimani bado zimo, rudi kwenye kolamu.