Namna ya kuwaandaa wafanyakazi wa hoteli na nganda za Bukavu kumtambua na kumsaidia mteja anayewaza kujiua

Katika nyumba nyingi za Kadutu au Panzi, sehemu za mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambamo familia nzima hulala katika vyumba viwili, si rahisi mtu kupata mahali pa kuwa peke yake. Anayetaka kujificha na maumivu yake anaweza kulipa chumba cha usiku mmoja, au kukaa kwenye kona ya nganda (baa ndogo ya mtaani) hadi wenzake wote waondoke. Kwa hiyo mhudumu wa baa, mama anayetandika vitanda, kijana wa mapokezi na sentineli wa getini wanaweza kuwa watu wa mwisho kuongea naye, na wa kwanza kutambua kwamba mambo yake si sawa. Mwongozo huu umeandikwa kwa mameneja na wenye hoteli, nganda na nyumba za wageni. Hauwataki wafanyakazi wawe madaktari. Unataka wajue kuuliza waziwazi, kubaki na mtu, na kumkabidhi kwa anayeweza kumtibu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao ni wa nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni miongoni mwa sababu kuu tatu za vifo. Hapa Bukavu mizigo inayowaelemea watu inajulikana: tangu mji ulipochukuliwa na waasi wa M23 mwezi Februari 2025, benki zilifunga milango, wengi walipoteza mitaji yao, na familia zilitawanyika. Lakini vita peke yake havielezi kila kitu, kwani deni, aibu, ndoa iliyovunjika, ubakaji, ugonjwa usiopona na kilevi vilikuwepo hata kabla. Jambo ambalo mfanyakazi anapaswa kulishika mapema ni kwamba hamu ya kufa hupanda na kushuka, na saa yake kali zaidi mara nyingi ni fupi. Wengi walionusurika baada ya kujaribu kujiua hawakuja kufa kwa njia hiyo baadaye. Saa moja ambayo mhudumu anaketi na mteja inaweza kuwa ndiyo hiyo saa kali.

Kabla ya mafunzo: maamuzi ya mwenye hoteli

Mafunzo mengi ya namna hii hushindwa kwa sababu ya mkubwa wa kazi, ambaye hakuamua chochote kabla ya kuwaita wafanyakazi. Msichana wa baa aliyefundishwa vizuri hataacha meza zake ili akae na mteja anayelia, ikiwa anajua kwamba bia zitakazopotea katika saa hiyo zitakatwa kwenye mshahara wake. Kwa hiyo mwenye hoteli aandike, atie sahihi, na asome mbele ya wote kwamba mfanyakazi anayemsaidia mteja aliye hatarini hatakatwa pesa wala kukemewa, hata kama baadaye itaonekana kwamba mteja hakuwa na nia ya kujiua. Kukosea kwa kuuliza ni gharama ndogo sana, na mkubwa ndiye anayepaswa kuibeba.

Aamue pia ni nani anayepigiwa simu mchana na nani usiku, na mtu huyo awe na mamlaka ya kuamua bila kungoja. Itengwe pesa kidogo katika kisanduku cha mapokezi kwa ajili ya teksi ya kumpeleka mtu hospitali, kwa maana wengi hukwama hapo: kila mtu ana huruma, ila hakuna mwenye nauli. Dawa za panya, sabuni kali na maji ya kusafishia vyoo viwekwe katika stoo inayofungwa, ufunguo ukae kwa mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani linahesabu kumweka mtu mbali na vitu vya kumdhuru miongoni mwa njia zenye ushahidi mkubwa wa kuokoa maisha, na hoteli inaweza kuifanya leo bila gharama yoyote.

Meneja aende mwenyewe kujitambulisha kwa watakaompokea mgonjwa. Bukavu ina bahati ya kuwa na kituo cha SOSAME, kinachotibu magonjwa ya akili na kuendeshwa na Mabruda wa Upendo. Kuna Hospitali Kuu ya Mkoa kwa mtu aliyekwisha kujidhuru. Na kuna Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ambayo huwasaidia kwa mwili na kwa moyo watu waliofanyiwa ukatili wa kijinsia. Waulizwe ana kwa ana namba zao, saa zao, na kinachofanyika usiku wakati barabara hazipitiki kwa usalama. Kanda ya afya ya Ibanda, Kadutu au Bagira iulizwe kama ina muuguzi au mwanasaikolojia anayeweza kuja kusaidia siku ya mafunzo.

Siku ya mafunzo

Chagua asubuhi ya siku isiyo na wateja wengi na ugawe wafanyakazi katika makundi mawili, ili wa zamu ya usiku wasikose, kwani wao ndio wanaohitaji zaidi. Saa mbili zinatosha kuanza. Fundisha kwa Kiswahili, hata kama hati za hoteli zimeandikwa kwa Kifaransa, na uruhusu Mashi, lugha ya Washi, pale inapomtoka mtu, kwa sababu maneno yatakayohitajika usiku wa manane ni yale ambayo mdomo umekwisha kuyazoea. Mwanzoni kabisa, sema kwamba huenda mmoja wao amefiwa na mtu aliyejiua au amewahi kuwaza kujiua, kwamba anaweza kutoka nje bila kutoa sababu, na kwamba mtu atamfuata kumwangalia.

Kisha zungumzeni juu ya dalili kulingana na kazi ya kila mmoja, kwani kila mmoja huona upande wake. Sentineli humwona mtu wa mji huuhuu anayefika usiku kwa miguu, bila mfuko, macho chini. Wa mapokezi humwona mgeni asiyetaka kuandika jina la ndugu wa kupigiwa simu, na asiyejali kesho yake. Mama wa vyumba huona sahani ambayo haijaguswa, mlango uliokataliwa kufunguliwa siku ya pili, barua na karatasi zilizopangwa mezani kama za mtu anayesafiri. Mhudumu wa nganda, ambaye huwajua wateja wake kuliko wote, humwona papa (baba mtu mzima) aliyekuwa akicheka na kila mtu akinyamaza wiki nzima, kisha siku moja analipa madeni yake yote, anagawa saa yake au koti lake, na kuomba msamaha kwa watu ambao hakuwakosea. Utulivu wa ghafla baada ya huzuni ndefu usimfurahishe mtu haraka. Wakati mwingine ni wa aliyekwisha kuamua.

Masikio nayo yafundishwe. Watu wachache husema moja kwa moja kwamba wanataka kufa. Husema, “Nimechoka na haya maisha,” “Watoto wangu watabaki na Mungu,” “Bila mimi watapumua,” “Hamtanisumbukia tena.” Wafanyakazi wetu wamezoea kuyajibu maneno hayo kwa utani au kwa chupa nyingine, na hapa mkufunzi akae kwa muda mrefu, awaombe wataje wenyewe maneno waliyowahi kuyasikia.

Dalili moja haitoshi kumhukumu mtu. Mwanamke anayelala peke yake bila mzigo huenda amechelewa mashua ya Goma, na mchimbaji wa Kamituga anayelipa kila kitu kwa mkupuo huenda amepata dhahabu. Kinachotafutwa ni dalili kadhaa kwa pamoja, au badiliko kwa mtu anayejulikana. Na hata hapo hatua inayofuata ni kumsogelea kwa upole, kamwe si kumhoji kama mshukiwa.

Kuuliza swali lenyewe

Hapa ndipo penye uzito wa mafunzo yote, na hapa ndipo watu huogopa. Karibu kila mfanyakazi atasema kwamba ukimtajia mtu kujiua utampa wazo hilo. Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali hazikuona hivyo: kuuliza waziwazi hakuongezi hatari, na mara nyingi humpunguzia mtu mzigo, kwa kuwa hatimaye amepata wa kumwambia.

Mfanyakazi aanze na kile alichokiona, kwa heshima inayomfaa mtu huyo, awe papa, mama, yaya (kaka au dada mkubwa) au mdogo wake: “Papa, leo nakuona uko na mawazo mengi, na chakula hujakigusa. Kuna nini?” Amwache aongee. Asikatize, asijaze ukimya kwa haraka. Kisha aulize bila kuzungukazunguka: “Mtu akibeba mzigo kama huu, wakati mwingine huwaza kujiua. Na wewe unawaza hivyo?” Jibu likiwa ndiyo, aulize kama amekwisha kupanga namna na wakati, na kama ana kitu cha kujidhuru karibu naye. Mwenye mpango na kitu mkononi yuko katika hatari ya sasa hivi.

Kila mmoja katika kundi aseme swali hili kwa sauti, akimtazama mwenzake usoni, na alirudie mpaka lisikwame. Mara ya kwanza watacheka au wataangalia chini. Mkufunzi asiwakemee, awaache tu warudie. Ukosefu wa zoezi hili ndio unaofanya mafunzo ya karatasi yasifae kitu.

Yazoezwe pia maneno ya kuyaacha. “Mungu hapendi hivyo” humwongezea dhambi mtu ambaye tayari anajiona amelaaniwa. “Wewe ni mwanaume, jikaze” humfunga mdomo. “Fikiria watoto wako” huonekana jema, lakini wengi wamekwisha kuwaza watoto hao na kujidanganya kwamba watapona wakiwa bila mzazi wao. Maombi hayakatazwi, mteja akiomba aitiwe padri au mchungaji wake, aitwe, huku njia ya kwenda kwa daktari ikiendelea. Kinachokatazwa ni kumwombea kwa nguvu, kumtoa pepo ukumbini, au kumtafutia mchawi aliyemroga. Inatosha kusema: “Asante kwa kuniambia. Sikuachi peke yako. Tutamtafuta pamoja mtu anayejua kusaidia.”

Kubaki naye na kumkabidhi

Mfanyakazi asikubali kuahidi siri. Aseme mapema kwamba atamwambia mtu mmoja tu, yule aliyechaguliwa na hoteli, na asiondoke hadi mwenzake afike. Wakae mahali penye faragha kidogo lakini wasijifungie ndani, na mhudumu wa kike asiingie peke yake chumbani mwa mgeni wa kiume. Chumba kikiwa ghorofani, mteja aombwe kuhamia cha chini, karibu na mapokezi, bila kulipishwa. Kilevi kisimamishwe kwa upole, kwa chai au chakula, kwa sababu pombe hupunguza woga na kuongeza haraka ya kutenda. Kasiksi (pombe ya ndizi) na bia ni biashara yetu, lakini usiku huo haziuzwi kwake.

Aulizwe ni nani anayemwamini. Swali hili lisirukwe kwa kumpigia simu mke, mume au mkwe bila ridhaa yake, maana huenda nyumbani ndiko anakokimbia. Ikiwa hatari ni ya sasa hivi, daktari huitwa au mtu hupelekwa hata akisita, akifuatana na mfanyakazi mmoja ambaye hatarudi mpaka muuguzi ampokee kwa jina. Katika mji wetu kuwaita watu wenye silaha kunaweza kumwongezea mtu hofu; iwe njia ya mwisho. Na kama mteja mwenyewe ana bunduki, mfanyakazi asijaribu kumpokonya: aondoe watu wengine, arudi nyuma, na amwachie mwenye mamlaka.

Mgeni asipojibu mlangoni, wawili wabishe, wajitambulishe, wabishe tena, kisha wafungue. Wakimkuta amekunywa kitu, wasimtapishe wala wasimnyweshe maziwa au mafuta kama tulivyozoea kufanya. Wapige simu hospitali, wamlaze kwa ubavu ikiwa hana fahamu na anapumua, na wabebe chupa au pakiti waliyoiona ili daktari ajue cha kufanya.

Baada ya tukio

Asubuhi yake meneja aketi na waliohusika, awape chai na muda wa kuongea, na awape mapumziko ya siku bila kukatwa. Mfanyakazi aliyemkuta mteja amefariki asirudishwe kusafisha chumba hicho, na apelekwe kwa mwanasaikolojia kwa gharama ya hoteli. Aambiwe waziwazi kwamba si yeye aliyemuua mteja, hata kama aliongea naye jana na hakutambua kitu, kwa sababu hatia hiyo humla mtu kimyakimya kwa miaka.

Picha hazipigwi. Namba ya chumba, jina la mteja na namna ilivyotokea havitajwi kwenye makundi ya WhatsApp wala kwa jirani, kwa kuwa kueneza maelezo hayo huweza kumsukuma mtu mwingine aliye katika hali kama hiyo, na familia ya mteja inaishi mji mmoja na sisi. Mteja aliyepona akirudi kunywa soda yake, apokewe kama zamani, yule aliyeketi naye anaweza kumuuliza pembeni, mara moja, “Siku hizi unaendeleaje?”

Mazoezi ya swali yarudiwe kila baada ya miezi mitatu, na kila mfanyakazi mpya ayafanye kabla ya zamu yake ya kwanza ya usiku. Namba za simu zilizobandikwa nyuma ya kaunta zijaribiwe kila mwezi na meneja mwenyewe. Ile isiyopokelewa ifutwe siku hiyohiyo na nyingine itafutwe.