Kutenganisha neno lililokumbukwa na neno lililokuja lenyewe

Kwenye jaribio la kumbukumbu, mshiriki akijaza "zab___" ikawa "zabibu", huwezi kujua kama amelikumbuka neno kutoka kwenye orodha uliyomwonyesha au limemjia tu. Njia aliyoieleza mwanasaikolojia Larry Jacoby mwaka 1991 huyatenga mawili hayo kwa kuyafanya yapingane.

Kazi kubwa ni maneno. Chagua mianzo ya herufi tatu yenye majibu matatu au zaidi: zab___ (zabibu, zaburi, zabuni), kar___ (karani, karoti, karamu). Kila mwanzo uwe na neno moja tu kwenye orodha. Epuka viambishi kama wa- na ki-, maana majibu yake hayaishi. Kisha wape mianzo hiyo watu 20 ambao hawajaona orodha, uone ni maneno gani huja yenyewe. Hapa Dodoma, penye mashamba ya mizabibu, "zabibu" huenda ikaandikwa na wengi bila kufundishwa. Ikiwa hivyo, lengo (neno la kuwekwa kwenye orodha) liwe "zaburi".

Wape washiriki maneno 40, sekunde 2 kila moja. Kwenye mtihani changanya mianzo ya maneno hayo na mingine 20 ya maneno wasiyoonyeshwa. Nusu ya kila kundi iwe ya kijani: andika neno la kwenye orodha, usipolikumbuka, andika la kwanza linalokujia. Nusu iwe nyekundu: ukilikumbuka neno la orodha, usiliandike, tafuta jingine, usipolikumbuka, andika la kwanza linalokujia. Badilishana maneno kati ya washiriki, ili kila neno lipite kijani na nyekundu, na lionyeshwe kwa wengine na lisionyeshwe kwa wengine.

Hesabu ni fupi. Chukua sehemu ya mianzo iliyojazwa kwa maneno ya orodha. Kijani ikiwa 0.60 na nyekundu 0.36, kukumbuka ni 0.60 − 0.36 = 0.24. Mvuto usio wa hiari, yaani uwezekano wa neno kuja lenyewe, ni 0.36 ÷ (1 − 0.24), yaani takriban 0.47. Jacoby, Toth na Yonelinas walionyesha mwaka 1993 kwamba umakini ukigawanywa wakati wa kusoma, kukumbuka hushuka hadi karibu sifuri, huku mvuto ukibaki palepale.

Panapoharibika zaidi ni kwenye nyekundu. Wengine hutunga neno kwanza, ndipo wajiulize kama waliliona. Hapo hutupa hata lililokuja lenyewe, na mvuto unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Fanya nao mazoezi ya mianzo minne mitano, wakueleze agizo kwa maneno yao. Halafu linganisha mianzo 20 ya maneno mapya: malengo yake yajazwe kwa kiwango kilekile kijani na nyekundu. Yakitofautiana, mbinu zao zimebadilika na hesabu haifai. Mtu mwenye sifuri kwenye nyekundu naye hutoa mvuto wa sifuri wa uongo. Refusha orodha au punguza sekunde.