Jinsi ya kujiandaa na mdahalo wa eutanasia kama na wewe umewahi kuuguza mtu

Mada hii ikipangwa wengi tunakimbilia upande tunaoupenda moyoni, alafu usiku wa kuamkia mdahalo ndo tunaokoteza pointi. Mi nilifanya hivohivo mwaka wa pili chuo nikaumbuka mbele ya watu. Tangu hapo nimesimama tena kwenye mada hii mara mbili, moja kutetea moja kupinga, kwahiyo nachokuelekeza hapa nimekilipia.

Anza na maneno kabla ya pointi. Chukua karatasi ikunje iwe na vyumba vinne. Cha kwanza andika kusitisha matibabu, yaani mgonjwa amekataa mashine, inazimwa, na kinachommaliza ni ugonjwa wenyewe. Cha pili dawa kali za maumivu kama mofini, zinampa usingizi ndio, lakini lengo ni maumivu. Cha tatu daktari anaandika dawa na mgonjwa anaitumia kwa mkono wake. Cha nne daktari mwenyewe ndo anampa, hiyo ndo eutanasia. Cha tatu ni kusaidiwa kujiua, na sheria nyingi zinavitenganisha hivi viwili. Vyumba viwili vya mwanzo wengi wanaopinga hawana shida navyo kabisa, sasa ukisimama ukasema "hata kuzima mashine ni eutanasia" umeshampa mpinzani dakika tatu za bure na jaji anaandika kitu kwenye karatasi yake, na sio kitu kizuri.

Baada ya hapo sheria, na tafadhali usiseme "Ulaya wanaruhusu". Uholanzi sheria ilianza kufanya kazi Aprili 2002, Ubelgiji mwaka huohuo, na 2014 Ubelgiji wakaondoa kikomo cha umri, hiyo wapinzani wanaipenda sana so jiandae. Kolombia ilianzia Mahakama ya Katiba 1997. Uswisi ndo inachanganya watu: eutanasia hawajairuhusu, ila kifungu cha 115 cha sheria yao ya jinai kinamwadhibu anayemsaidia mtu kujiua kwa maslahi yake binafsi, kama huna maslahi kifungu hakikugusi. Afrika Kusini kuna kesi ya wakili Robert Stransham-Ford aliyekuwa na saratani, 2015 mahakama ilimkubalia asaidiwe kufa, kumbe alishafariki saa chache kabla hukumu haijatolewa, na 2016 mahakama ya rufaa ikaifuta. Hiyo ukiisimulia vizuri ukumbi unatulia, na inafaa pande zote mbili.

Ila pambano lenyewe liko Kanada na Oregon, jimbo la Marekani, hapo kaa sana. Kanada mahakama ya juu ilifungua mlango 2015, sheria ikaja 2016 kwa wale ambao kifo chao cha kawaida kinaonekana kiko njiani, alafu 2021 hilo sharti likaondolewa. Mpinzani atakwambia usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapo ana hoja jamani, usimcheke. Kama unatetea, jibu lako ni Oregon: wananchi walipiga kura 1994, sheria ikaanza 1997, na hadi leo lazima uwe mtu mzima, madaktari wawili wakubaliane umebakiza miezi sita au chini, na dawa unameza mwenyewe. Sio kila ufa unapanuka. (Akiwa mjanja atakurudishia kwamba 2023 Oregon walifuta kwenye sheria sharti la kuwa mkazi wa kule, kubali tu usonge mbele, kubishana na ukweli kunakula muda.)

Pointi ya dini itakuja. Itaje kwa heshima, usiikalie, jaji hana mizani ya kuipima.

Kama unapinga silaha yako kubwa ni tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona. Daktari Mwingereza Cicely Saunders alifungua St Christopher's, nyumba ya kuwahudumia wanaokaribia kufa, London 1967, na alikuwa anafundisha kwamba maumivu ya anayekufa sio ya mwili tu, kuna ya akili, ya familia na ya roho, kwahiyo unauliza huyu anayeomba kufa ametibiwa yote manne? Kama unatetea jua kwamba Ubelgiji 2002 ilipitisha sheria ya tiba shufaa pamoja na ya eutanasia, na kwamba kwenye ripoti za Oregon sababu inayotajwa sana ni kupoteza uwezo wa kujiamulia mambo, sio maumivu.

Sasa hadithi yako mwenyewe, hapa ndo nilipoumbukia.

Nilimuuguza bibi likizo nzima, saratani. Siku ya mdahalo nikatetea, nikasimulia jinsi alivyokuwa hawezi kujigeuza, jinsi nilivyokuwa naamka usiku kumnyanyua, alivyokuwa mwepesi mikononi kama mtoto. Ukumbi kimya, dada mmoja mstari wa mbele anafuta macho, nikajua nimeshashinda. Mpinzani akasimama, hata sauti hakupandisha, akasema pole sana kwa bibi yako. Alafu akauliza, "Aliomba kufa?"

Nikakosa la kusema. Bibi hakuwahi kuomba. Alichokuwa anaomba ni ageuzwe aangalie upande wa dirishani, na nisichelewe dawa ya saa nane usiku. Aliyekuwa anawaza "heri apumzike" ni mimi, nimechoka, nimekaa kwenye kiti na simu imeisha chaji. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu naombea kifo mtu ambaye hakukiomba, wakati kule inakoruhusiwa kitu cha kwanza wanachokagua ni ombi la mgonjwa mwenyewe.

Kwahiyo kabla hujasimulia ihoji hadithi yako. Nani aliomba? Akili zake zilikuwa timamu alipoomba? Uchovu unaousimulia ni wa nani? Kama ni wako sema ni wako, hadithi haipungui nguvu, kwangu iliongezeka. Nilipotetea tena nikasema wazi aliyechoka nilikuwa mimi, ndo maana Oregon wanadai mgonjwa aombe kwa mdomo zaidi ya mara moja na aandike pia. Nilipopinga nikasema hayohayo, nikaongeza kwamba bibi alikuwa ananiona ninavyosinzia kwenye kiti, na mgonjwa anayekuona umechoka anaweza kuomba kwa ajili yako.

Majina ya dawa na namna inavyofanyika usiyataje, hujui nani kakaa pale ukumbini na amebeba nini. Mwenzako wa timu akikwama katikati mpokee, maksi baadae.

Na muda. Hotuba ya dakika saba, hadithi isizidi dakika moja. Yangu siku hizi ni sekunde hamsini, inaishia kwenye dawa ya saa nane, nakunywa maji, naingia Kanada.