Kutafsiri tamthilia ya makauboi kibandani bila kuwavunjia watu heshima

VJ, yaani mtafsiri anayesimulia filamu papo hapo kwenye kibanda cha video, akishika tamthilia ya makauboi kwa mara ya kwanza hukimbilia bunduki. Lakini chukua Gunsmoke, iliyorushwa Marekani tangu 1955 hadi 1975, vipindi 635: risasi hula sehemu ndogo tu ya kipindi. Muda mwingi watu wanabishana nani anastahili kusikilizwa. Ukijaza mayowe hapo, watazamaji wataona mtu anaanguka bila kujua kilichomfikisha pale.

Tazama kipindi mara mbili kabla ya kugusa maikrofoni. Mara ya kwanza tazama tu. Ya pili shika daftari, uandike dakika na sekunde ambapo mtu anadharauliwa, anapojibu, na pale wote wanaponyamaza. Kipindi cha saa moja, bila matangazo, hubaki kama dakika 50. Alama zikipita kumi na tano, hujachagua, umenakili.

Halafu amua nani anamwitaje nani, na hapa usiwe na haraka. Kiswahili cha Uganda kinakupa neno afande. Naibu amwite marshal, yaani mlinzi mkuu wa sheria, afande kila mara. Raia naye amwite hivyo akiwa mtulivu, na hasira ikipanda aliache, aseme "wewe". Kibanda kizima kitasikia heshima imekatika, bila maelezo. Mzungu akimwita mtu mzima mweusi "boy", usitafsiri "kijana", maana kwetu hilo ni neno la upole na tusi litapotea. Sema "boi". Wazee wanalikumbuka tangu enzi za wakoloni, na litauma panapostahili kuuma. Usiongeze utani wako juu yake ili watu wacheke. Kicheko hicho kitamwangukia aliyetukanwa.

Wenyeji wa Marekani usiwaite Wahindi, hata filamu ikisema "Indians". Hapa Uganda Mhindi ni mwenye duka Kampala au Jinja, na nusu ya watazamaji watapotea. Taja kabila kama lilivyotajwa: Wacheyenne, Wakomanche, Waapache. Mtu mwenye kabila ana wazee, ana ardhi, ana sababu ya kupigana.

Ugomvi wa malisho hauhitaji maneno mengi, hasa mbele ya wafugaji wa Karamoja au Ankole. Eleza tu kilicho cha Marekani: sheria ya 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 akikaa na kulima miaka mitano, na kuanzia miaka ya 1870 seng'enge ikawafungia wafugaji njia ya maji. Sentensi mbili, wakati farasi wanatembea na hakuna anayesema. Tofautisha pia sherifu na marshal. Sherifu huchaguliwa na watu wa kaunti, kwa hiyo anawaogopa wapiga kura. Marshal wa shirikisho huteuliwa na rais.

Kwa sauti, vaa hedifoni zinazofunika masikio yote, la sivyo filamu itaingia kwenye maikrofoni na kurudi kama mwangwi. Maikrofoni ikae vidole vinne kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili "p" na "b" zisipige spika. Unaposema, shusha sauti ya filamu kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, hadi kama theluthi moja, usiizime. Sentensi ya Kiswahili mara nyingi huzidi ya Kiingereza kwa urefu, basi kata. Ukibaki nyuma kwa zaidi ya sentensi moja, iruke ile uliyochelewa.

Sasa ile sehemu ya umati mbele ya jela, ambayo VJ wengi huiharibu. Watu wanamtaka mfungwa wamnyonge, marshal amesimama mlangoni peke yake. Watazamaji wako wanajua umati unaojichukulia sheria mkononi unavyofanana. Umati upe sauti moja tu, fupi: "Mtoe!" Marshal aseme polepole, chini kuliko wao. Baba wa mtu aliyeuawa akisogea na bunduki asiseme "Toka!" kama mhuni, aseme "Nipishe, afande. Ni mwanangu." Marshal amjibu "Mzee". Kisha ondoa mdomo kwenye maikrofoni na urudishe sauti ya filamu juu kabisa. Wasikie viatu kwenye mbao, wasikie mzee anavyopumua. Kama anashusha bunduki, usimtangulie kusema kwamba anaishusha. Ngoja mlango wa jela ufungwe ndipo uendelee.